Swali la Tano Ambalo Sikulimalizia

Kaloleni, Voi
Jumapili, baada ya ibada

Mpendwa mdogo wangu Wawuda,

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kumjulia mtu hali. Yako naijua. Leo ni siku ya kumi na sita tangu tukuzike Mbololo, nyuma ya nyumba ya mume wako. Katika daftari langu, ukurasa wa siku ile una mistari mitatu tu: "Tumemzika Wawuda. Mvua kidogo asubuhi. Nimerudi Voi saa kumi." Nimeusoma mara kadhaa nikitafuta mahali nilipoandika nilivyojisikia. Hakuna. Sikulia pia. Watu walinishika mkono wakisema, "Pole sana, mwalimu," nami nikawajibu kwa sauti ile ile ninayoitumia kuita majina ya darasa.

Siku zilizofuata nilifundisha kama kawaida. Nilisahihisha madaftari, nikapiga pasi mashati, nikala. Naandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Wewe ndiwe uliyenipa jina la Karani, tukiwa wadogo, ukasema kwamba hata nikifa nitaomba kalamu kwanza niandike saa. Basi huyu ni Karani wako anakuandikia, na kuna jambo moja ambalo karani huyu alilificha.

Nianze na shamba letu la Rukanga, kwa sababu hesabu yetu ilianzia huko.

Mahindi yalipoanza kukomaa, mama alitupeleka kuwafukuza nyani, kila mtu na dungu lake. Langu lilikuwa upande wa njia, lako chini ya mteremko wa mlima Kasigau, wanakoteremkia nyani. Katikati palikuwa na mahindi marefu kuliko sisi, kwa hiyo kutoka juu ya majukwaa yale ya miti niliona kichwa chako tu na kitambaa chako chekundu. Sheria ya mama ilikuwa moja: tusinyamaze. Nyani akisikia sauti za watu pande mbili hashuki. Akisikia kimya anajua walinzi wamelala. "Mkinyamaza," mama alituambia, "mwaka huu mtakula majani pamoja na mbuzi."

Tuliimba mpaka nyimbo zikaisha. Tukatukanana mpaka mama akatusikia kutoka kisimani, nayo matusi yakaisha. Ndipo siku moja ukapaaza sauti:

"Karani! Una kitabu?"

"Ninacho!"

"Soma swali!"

Kitabu cha hesabu kilikuwa kimoja kwetu sote wawili. Mimi nilikuwa nimerudia darasa, ukanikuta, tukaketi dawati moja kwa sababu ya kitabu hicho. Kilikuwa cha Kiingereza. Nililisoma swali kimoyomoyo, nikalitoa kwa Kidawida, lugha yetu ya nyumbani, nikalipigia kelele juu ya mahindi. Nawe hukuona ukurasa wala hukuona vidole vyangu. Nikisema, "Chukua hii ya juu, uigawe kwa hii ya chini," ulinikatiza: "Ya juu wapi? Mimi huku naona mahindi tu!" Ilinibidi niseme kitu kwa jina lake. Nilichoshindwa kukisema, tuligundua wote wawili kwamba sikukielewa.

Nakumbuka siku ya nusu kugawanywa kwa robo. Mwalimu wetu wa hesabu alitufundisha kuimba: "Pindua, zidisha! Pindua, zidisha!" Tuliimba darasa zima, madirisha yakitetemeka, na tukapata jibu. Juu ya dungu nikakusomea swali na jibu lake.

"Mbili!"

"Mbili?" ukauliza. "Umegawa kitu halafu kikakua? Mbuzi wa namna hiyo nimnunue wapi?"

"Unapindua, unazidisha!"

"Kwa nini?"

"Mwalimu amesema!"

"Mwalimu yuko kwake anakunywa chai. Nakuuliza wewe!"

Kisha ukaniuliza: "Mama akikupa nusu kopo ya maharagwe, na kikombe chako kinabeba robo kopo, utajaza vikombe vingapi?" Nikasema viwili. Ukasema, "Basi usiseme gawanya. Sema zinaingia ngapi."

Hivyo tu. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nimefanya hesabu hizo miaka miwili, na ilikuwa mara ya kwanza kujua ninachofanya.

Ulikuwa na tabia nyingine iliyoniudhi. Hukutoa jibu la mwisho. Ulieleza mpaka hatua moja kabla ya mwisho, kisha ukanyamaza na kupiga kelele, "Malizia!" Kama sikumalizia, ulisubiri. Nyani nao walisubiri. Mara moja walishuka tukisubiriana hivyo, wakala mstari mzima, na mama alitupa sote wawili adhabu ya kubeba maji siku tatu. Ukaniambia njiani, mtungi kichwani, "Ungemalizia, tungekuwa tumelala sasa hivi."

Sasa nije shuleni.

Kwa wale watakaosoma barua hii bila kujua, nieleze. Shuleni kwetu ilikuwa marufuku kuongea Kidawida. Kulikuwa na kibao cha mti, ukubwa wa kiganja, chenye kamba ya mkonge. Aliyesikika akiongea lugha ya nyumbani alipewa kibao, naye alikaa nacho mpaka amsikie mwingine, ampe. Wengi walikificha ndani ya shati, ili wenzao waongee bila kujihadhari. Ijumaa jioni, kabla ya kwenda nyumbani, mwalimu wa zamu aliuliza kibao kiko kwa nani. Huyo wa mwisho alisimama mbele ya shule nzima akakivaa shingoni na kupigwa viboko. Wote waliokishika kabla yake wiki nzima walikuwa salama.

Katika kipindi cha hesabu wewe ulinyamaza mwalimu alipokuuliza. Kiingereza chako kilitosha kusoma, hakikutosha kueleza ni kwa nini. Lakini kwa chini, kwangu mimi, ulinong'ona kwa Kidawida. Darasa zima lilijua. Wengine waligeuza masikio yao kwetu. Hakuna aliyewahi kukupa kibao kwa minong'ono hiyo, hata wale waliokuwa nacho, kwa sababu walikuwa wanasikiliza.

Wiki ya tatu ya muhula wa pili, Alhamisi, tukitoka shule, nilimwita rafiki yangu kwa Kidawida amngojee mwenzetu, naye akatoa kibao mfukoni mwake, akanipa, akacheka. Nikakitia ndani ya shati. Jioni ile, nyumbani, hukujua ninacho. Tulikula ugali na mboga ya kunde, ukanichezea kalamu yangu, nikakufukuza.

Daftari langu la mwaka ule liko mbele yangu. Alhamisi hiyo niliandika: "Nina kibao. Kesho ni Ijumaa. Kipindi cha mwisho ni hesabu. Nitamwuliza Wawuda. Hawezi kueleza kwa Kiingereza."

Mwandiko ni mzuri. Nukta ziko mahali pake.

Siku iliyofuata mwalimu alitupa maswali kumi ubaoni akaketi kusahihisha. Swali la tano lilikuwa robo tatu gawanya kwa sehemu moja ya nane. Nililifanya kwa kupindua na kuzidisha, nikaandika sita, nikafunika kwa mkono. Kisha nikakugusa kiwiko. Nilikuuliza kwa Kiingereza, ili mimi nisije nikakamatwa upya. Namba tano, unafanyaje?

Ulifurahi. Hilo nalikumbuka bila daftari. Ulifurahi kwa sababu darasani sikuwa nakuuliza, nilikuwa nasikiliza tu. Ukasogea karibu ukaninong'oneza: "Usiseme gawanya. Angalia robo moja kwanza. Zile ndogo za nane, katika robo moja zinaingia mbili. Sasa robo ziko tatu. Malizia."

Nikaingiza mkono ndani ya shati, nikatoa kibao, nikakuwekea mapajani.

Ulikitazama. Ukanitazama mimi. Kengele ikalia.

Ulipigwa viboko vinne vya mkono, kibao kikiwa shingoni. Mwalimu wa zamu alisema, "Hata kwenye hesabu mnapiga domo." Watu wakacheka kidogo, si sana. Mimi nilikuwa mstari wa tatu. Usiku ule niliandika: "Wawuda amepigwa vinne. Mimi salama."

Jumamosi tulienda shambani kama kawaida. Nilipanda dungu langu, nikafungua kitabu, nikaita, "Wawuda! Nisome swali?" Kutoka upande wako nikasikia debe. Ulikuwa umebeba debe tupu la mafuta na fimbo, ukalipiga. Nikaita tena, ukalipiga tena. Nyani hawakushuka. Mama alipopita alisema, "Afadhali hilo debe kuliko kelele zenu." Tangu siku ile mpaka mavuno, sikusikia namba hata moja kutoka upande wa mlima.

Darasani uliacha kunong'ona. Waliokuwa wakigeuza masikio waligeuka mara mbili tatu, wakazoea. Mwalimu alikuuliza, ukasimama, ukaangalia sakafu, akakuambia keti. Mtihani wa mwisho wa darasa la saba tulifanya pamoja. Mimi nikapata nafasi ya sekondari, wewe hukupata, na hesabu ndiyo iliyokuangusha. Siwezi kuthibitisha kwamba ni kwa sababu ya kibao. Mimi ni mwalimu wa hesabu, najua neno kuthibitisha lina uzito gani. Ninaandika tu kilichotangulia na kilichofuata.

Baba, aliyekuwa akifanya kazi kwenye shamba la mkonge na kuja nyumbani mwisho wa mwezi, alikuambia urudie darasa kama nilivyorudia mimi. Ukamjibu, "Nirudi nikae kimya mwaka mwingine mzima, baba?" Hakuelewa. Alidhani unapenda kuolewa. Mimi nilikuwa mlangoni nafunga sanduku la shule, nikaelewa, nikaendelea kufunga sanduku.

Uliolewa Mbololo. Nilimaliza kidato cha nne, nikaenda chuo cha ualimu, nikapangiwa shule hapa Voi. Miaka minne ya kwanza nilifundisha "pindua, zidisha". Darasa liliimba vizuri. Kibao kilikuwepo pia katika shule hii, kikitundikwa kwenye msumari ndani ya chumba cha walimu, na nilikuwa mmoja wa waliokitunza. Hili sikukuambia.

Niliacha wimbo huo siku niliyowauliza darasa la sita kwa nini nusu ikigawanywa kwa robo inakuwa mbili. Watoto arobaini walinitazama. Wengine ni Wadawida, wengine Wakamba, wengine wa hapa hapa mjini ambao Kiswahili chao ni cha pwani. Nikawaambia: mgeukie mwenzako, mweleze kwa lugha yoyote, mmoja afumbe macho asione daftari. Ikatokea kelele ambayo sikuwa nimeisikia tangu Rukanga. Binti mmoja, wa familia ya duka la vitambaa, akasimama bila kuitwa: "Mwalimu, hapa hakuna kilichogawika! Robo zaingia mbili, basi!"

Mwalimu mkuu alichungulia mlangoni. "Mwalimu, hapa ni darasa ama soko?"

"Ni hesabu, mwalimu mkuu."

"Hesabu gani ya kupiga kelele?"

Sikuweza kumwambia ilitoka kwa nani. Baadaye watu wa ofisi ya elimu walikuja kutazama, nikasifiwa. Waliniuliza njia hii niliipata wapi. Nikasema nimeibuni mwenyewe. Hata hilo limo daftarini.

Mwaka jana ulikuja kwangu hapa Kaloleni, ulipokuwa ukienda kuonana na daktari. Ulikuwa umekonda. Ulikaa kwenye kiti cha karibu na dirisha, ukanywa chai nusu, ukaniuliza ghafla kama mtu anayeuliza bei ya nyanya:

"Kaka, kile kibao. Ulikuwa nacho tangu lini?"

"Kibao gani?"

"Unakijua. Uliniuliza swali kwa sababu hukulijua, ama uliniuliza kwa sababu ulikuwa nacho?"

"Sikumbuki, Wawuda. Ni zamani."

Ulicheka, ukakohoa. "Wewe, usikumbuke? Wewe uliyeandika hata siku kuku wa shangazi alipoanguka kisimani?"

Nikasema chai inapoa. Daftari lilikuwa kwenye rafu nyuma ya kichwa chako, umbali wa mkono. Hukuuliza tena. Ulienda, nikaandika: "Wawuda amekuja. Amekula kidogo."

Basi jibu lako ni hili. Nilikuwa nacho tangu Alhamisi. Swali nilikuwa nimeshalifanya. Nilikuuliza kwa sababu nilikijua kitu kimoja kizuri ulichokuwa nacho, na nilijua hutaweza kukizuia.

Naacha barua hii wazi. Kibao kiliondolewa katika chumba chetu cha walimu, ila msumari umebaki, na kesho nitaitundika hapo wenzangu waisome. Watakaotaka kuniuliza waniulize kwa lugha wanayoiweza.

Kuna jambo moja limebaki, la jana.

Nilienda Mbololo kumpelekea binti yako Mghoi madaftari. Shemeji alinipokea vizuri, akanipa kiti, akaniambia, "Huyu hesabu hawezi. Mwalimu wao amesema akiulizwa ananyamaza." Nikaketi na Mghoi chini ya ukingo wa paa, nikamwandikia swali rahisi. Aliangalia vidole vya miguu yake. Nikamwandikia rahisi zaidi. Nikamwambia aseme kwa Kidawida kama anataka. Akanyamaza vile vile. Nikafunga daftari, nikasema twende basi shambani tukaangalie mahindi.

Tulipofika alipanda dungu, akaniangalia kutoka juu.

"Mjomba, na wewe huendi kwenye lako?"

"Langu lipi?"

Akanyoosha kidole. Upande wa pili wa shamba, karibu na njia, kulikuwa na dungu jingine. Wawuda, nimetembea Mbololo miaka kumi. Watu wa huko wanajenga dungu moja. Shamba lako si kubwa, hata mtoto akisimama katikati anasikika kote. Wewe ulijenga mawili.

"Hilo ni la mama," Mghoi akasema.

Nilipita katikati ya mahindi mpaka huko. Ngazi ilikuwa imara. Nikapanda, nikaona kichwa chake tu juu ya mahindi. Mtoto ambaye alikuwa hajanipa hata neno la jibu tangu nifike akajaza kifua, akapiga kelele:

"Mjomba! Soma swali!"

Sikuwa na kitabu. Swali ninalolijua bila kitabu ni moja.

"Robo tatu! Gawanya kwa sehemu moja ya nane!"

"Usiseme gawanya!" akajibu pale pale, kwa ukali, kama mtu aliyezoea kumkosoa mtu mzima. "Sema zinaingia ngapi!"

"Zinaingia ngapi?"

"Angalia robo moja kwanza! Zinaingia mbili! Sasa robo ziko tatu!"

Halafu akanyamaza. Upepo ulikuwa mdogo. Nilisikia majani ya mahindi yakigusana.

"Malizia!"

Nilikuwa na jibu. Nimekuwa nalo tangu Ijumaa ile, limefunikwa kwa mkono. Nikashika mti wa dungu lako kwa mikono miwili. Mghoi alisubiri. Anasubiri kama wewe. Kisha akaona kitu upande wa mlima, akapaaza sauti:

"Mjomba, usinyamaze! Watashuka!"

Nikasema. Sauti haikumfikia; alishika sikio lake kunionyesha. Nikasema tena, kwa nguvu zote, mpaka shemeji akatoka nyumbani kuangalia kuna nini.

Sita, Wawuda. Zinaingia sita.

Ni mimi kaka yako,
Karani